Ibara ya 246

Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 kuhitimisha Vita Kuu ya Kwanza, una ibara 440. Nyingi zinahusu mipaka, majeshi, makaa ya mawe, reli na fidia. Ibara ya 246 inataja vitu viwili tu. Cha kwanza ni Kurani ya Khalifa Othman, ambayo Ujerumani ilitakiwa kuirudisha kwa Mfalme wa Hejaz, kwa kuwa mkataba ulidai kwamba Waturuki waliichukua Madina na kumzawadia Kaisari Wilhelm II. Cha pili ni fuvu la kichwa cha Sultani Mkwawa, lililoondolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani. Wajerumani walipewa miezi sita kulikabidhi kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Miezi sita ikapita, na miaka kadhaa juu yake. Fuvu lilirudi mwaka 1954, miaka 35 baada ya wino wa Versailles kukauka, na leo limo ndani ya sanduku la kioo katika nyumba ndogo ya makumbusho pale Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Naisimulia safari yake kwa sababu inajibu, vizuri kuliko hoja yoyote ninayoijua, swali la kwa nini mtu aache shughuli zake, apande gari na kulipa kiingilio ili akatazame masalia ya watu waliokwisha kufa.

Mwenye fuvu alikuwa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba wa ukoo wa Muyinga. Baba yake ndiye aliyeziunganisha koo za Uhehe kuwa dola moja yenye jeshi la kuogopwa. Munyigumba alipofariki mwaka 1879 mji ulivurugika. Mtu aliyeitwa Mwambambe akanyakua madaraka, na Mkwavinyika ikambidi akimbie kwanza ndipo arudi kupigania kiti cha baba yake. Alikipata. Katika miaka ya 1880 jina la Mkwawa lilikuwa likitajwa na kila msafara uliopita kati ya pwani na Tabora, maana aliyepita karibu na nchi yake alilipa hongo au alijiandaa kwa vita. Kalenga, makao yake, aliizungushia ukuta wa mawe, jambo ambalo majirani zake wengi hawakuwahi kuliona.

Wajerumani nao walikuwa wakisogea kutoka pwani. Mmoja wao alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Wenyeji wa Pangani walimjua kabla Wahehe hawajamsikia. Mwaka 1888 alikuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani mjini humo, na ubabe wake, pamoja na kisa cha kuingia msikitini na mbwa ambacho hakikusahaulika, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Miaka mitatu baadaye alikuwa kamanda wa jeshi zima la koloni, na akapewa kazi ya kumtia adabu Mkwawa.

Aliondoka Kilwa katikati ya mwaka 1891 na askari wapatao 320, wapagazi wengi, bunduki za rashasha na mizinga. Alichoma vijiji njiani. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti safu yake ndefu ilikuwa ikipita kwenye vichaka na mawe ya Lugalo, rashasha zikiwa zimefungwa migongoni mwa punda, wakati Wahehe wapatao 3,000 walipoibuka kutoka mafichoni na mikuki yao. Muda ulikuwa mfupi mno hata askari wengi hawakuwahi kupakia risasi. Zelewski aliuawa kwa mkuki, na inasimuliwa kwamba aliyempiga alikuwa kijana mdogo. Sehemu kubwa ya kikosi iliangamia. Luteni von Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya safu, alinusurika na wachache, akarudi pwani na habari ambayo Berlin haikutaka kuiamini.

Wasomaji wengi wamelisoma pigano la Lugalo darasani, na wakazi wa Dar es Salaam hulitamka jina hilo kila siku wanapopita kambi ya jeshi iliyopewa jina hilo. Nadhani ndiyo sababu limezoeleka kupita kiasi. Darasani linakuwa jibu la mtihani: nani, wapi, lini. Anayetaka kulielewa asimame penyewe, kando ya barabara ya kutoka Iringa kwenda Morogoro, aone jinsi mawe na miti inavyoweza kuficha maelfu ya watu hatua chache kutoka njiani. Hapo ndipo akili ya aliyepanga shambulio inapoonekana. Aliijua njia, alijua safu itarefuka, alijua rashasha iliyofungwa haiui mtu. Karatasi haiwezi kumpa msomaji maarifa hayo.

Wajerumani walirudi mwaka 1894 wakiongozwa na gavana mwenyewe, Friedrich von Schele. Mwishoni mwa Oktoba waliishambulia Kalenga kwa mizinga. Wenyeji husimulia kwamba makombora yalitoka upande wa kilima cha Tosamaganga. Ukuta ulivunjwa, mapigano yakaendelea nyumba kwa nyumba, na ndani washindi wakakuta shehena ya baruti na pembe za ndovu. Mkwawa hawakumkuta. Kwa miaka minne iliyofuata aliishi porini, akihama, akishambulia vituo na misafara, akilishwa na watu ambao walijua adhabu ya kumlisha. Kapteni Tom von Prince, ambaye watu wa pwani walimwita Bwana Sakarani, alikuja kujenga boma la Iringa mwaka 1896 ili kumbana. Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, wakidhani Wahehe watamfuata yeye. Haukupita muda mrefu wakamshuku kuwa anamsaidia nduguye kwa siri, na mapema mwaka 1897 wakamuua.

Ndipo wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa cha Mkwawa. Tangazo lilisema kichwa, na neno hilo lilitekelezwa kama lilivyo. Tarehe 19 Julai 1898 kikosi kilichoongozwa na Sajini Merkl kilifuata nyayo zake hadi Mlambalasi. Mkwawa alikuwa mgonjwa na amebaki na kijana mmoja. Alimpiga risasi kijana huyo, kisha akajipiga mwenyewe kichwani. Merkl alipofika alikuta maiti mbili, akaamuru kichwa cha Mtwa, kama Wahehe walivyomwita mtawala wao, kikatwe. Kikapelekwa kwa Prince kule Iringa. Kiwiliwili kilibaki Mlambalasi na kuzikwa hukohuko.

Kukata vichwa vya wafu halikuwa wazo la sajini mmoja mwenye hasira. Katika miaka hiyo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu kutoka kila koloni ili wayapime kwa vyuma, waandike urefu na upana, na kupanga binadamu katika madaraja ya rangi. Felix von Luschan wa Berlin alikusanya maelfu. Madaktari wa jeshi, maofisa wa mikoa na wasafiri walimtumia masanduku kwa meli. Makaburi yalifukuliwa, walionyongwa walikatwa vichwa. Wengi wa waliochukuliwa hawakuwa watwa wala mangi, watawala wa Uchaggani. Walikuwa wakulima, wagonjwa waliofia hospitali, wafungwa, ambao hakuna mkataba wa amani uliowataja.

Mwishoni mwa mwaka 1918, Wajerumani wakiwa wameshindwa na Waingereza wakitawala Tanganyika, mtawala mpya Horace Byatt aliiandikia London akapendekeza fuvu la Mkwawa lidaiwe. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa: Wahehe waliwasaidia Waingereza vitani, na kulirudisha fuvu kungewaonyesha watu wote kwamba nguvu za Mjerumani zimekwisha. Kutoka barua hiyo jambo likafika Versailles. Serikali ya Ujerumani ilijibu kwamba haina habari za fuvu hilo. Waingereza walipouliza tena walipata jibu la aina ileile, wakachoka, na faili likafungwa. Huko Uhehe hakuna aliyelifunga. Ukoo ulijua kwamba mzee wao amezikwa nusu.

Aliyefufua shauri alikuwa Edward Twining, gavana wa Tanganyika kuanzia mwaka 1949. Mwaka 1953 alifika Bremen, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, ambako karibu na kituo kikuu cha reli kuna jumba la makumbusho linaloitwa Übersee-Museum. Alionyeshwa mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yaliandikwa kuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ukoo wa Mkwawa ulikuwa umepimwa vichwa ili vipimo vyao vilinganishwe na mafuvu. Machache yaliyokaribiana na vipimo hivyo yakatengwa, na kati yake likachaguliwa moja lenye tundu la risasi.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, maana ndipo kisa hiki kinaponishika kila ninapokirudia. Vipimo vilivyotumika kumtambua Mkwawa vilitoka katika elimu ileile iliyowafanya watu wakate vichwa. Vyuma vya kupimia mafuvu, vilivyobuniwa kumshusha Mwafrika daraja, vilitumika safari hii kumtafutia njia ya nyumbani. Na matokeo yake hayana uhakika ambao sisi wa leo tungeudai. Tundu la risasi linaweza kuwa la mtu mwingine, na ukubwa wa kichwa haumtaji mtu kwa jina. Wapo wanahistoria waliotilia shaka kama fuvu la Kalenga ni la Mkwawa kweli. Waandishi wawili wa Kijerumani, Martin Baer na Olaf Schröter, wameandika kitabu kizima juu ya msako huo.

Fuvu lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mwezi mmoja pungufu ya miaka 56 tangu kifo cha mwenyewe. Twining alilikabidhi kwa mikono yake kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Kenya jirani ilikuwa ikiungua kwa vita vya Mau Mau, na gavana alitumaini kuvuna utiifu wa Wahehe kwa heshima hiyo. Historia ilikuwa na ratiba nyingine. Siku 18 baada ya sherehe ya Kalenga, tarehe 7 Julai, TANU iliundwa Dar es Salaam. Adam Sapi, aliyepokea fuvu mbele ya gavana wa Kiingereza, baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi huru, na akakikalia kiti hicho kwa miaka mingi kuliko spika mwingine yeyote hadi alipostaafu mwaka 1994. Fuvu ambalo Mwingereza alilileta ili litulize watu likawa miongoni mwa alama ambazo wapigania uhuru walizishika: kwamba mtu wa nchi hii aliwahi kukataa, akakataa hadi mwisho.

Sasa turudi kwenye sanduku la kioo. Kwa zaidi ya nusu karne fuvu hili, kama Twining hakukosea, lilikuwa ndani ya makumbusho. Lilihifadhiwa vizuri, kwenye rafu kavu, chini ya uangalizi wa wasomi. Hakuna hata mmoja aliyeliamkia. Halikumfundisha mtu kitu kuhusu Lugalo, kuhusu ukuta wa Kalenga, kuhusu miaka minne ya porini. Lilikuwa moja kati ya 2,000. Limevuka bahari, limewekwa katika chumba kidogo kisicho na fahari wala mitambo ya Bremen, pamoja na mikuki na ngao za zama zake, na mara moja limekuwa babu. Watoto wa shule huletwa kwa makundi. Huingia wakisukumana na kucheka, na wakifika mbele ya kioo sauti hushuka bila mwalimu kukemea. Huuliza maswali ambayo hayamo kwenye kitabu cha kiada: Je, iliuma? Kwa nini alimuua na yule kijana? Kichwa kimekaa hapa, mwili uko wapi?

Maswali hayo ni mazuri kuliko mengi yanayoulizwa na watu wazima. Mtoto aliyeuliza kama iliuma ameshavuka kutoka tarehe na kufika kwa mtu. Na yule aliyeuliza habari za kijana aliyeuawa ameona jambo ambalo simulizi za ushujaa hulipita haraka: kwamba palikuwa na mtu wa pili Mlambalasi siku ile, ambaye hatukumjengea makumbusho. Ninaamini kwa dhati kwamba kazi kuu ya nyumba kama ya Kalenga ni kuyazaa maswali ya namna hii, na kwamba hakuna picha ya kwenye simu inayoweza kuyazaa kwa nguvu ileile. Mbele ya kitu chenyewe mtu huona ukubwa wake halisi. Kichwa cha mtu aliyelitikisa jeshi la Kaisari ni kidogo, kinatosha kwenye viganja viwili.

Na ile shaka? Kwangu haipunguzi thamani ya safari ya Kalenga hata chembe, mradi isifichwe. Mgeni aambiwe wazi jinsi fuvu lilivyochaguliwa, kwa vipimo gani na kwa sababu gani za kisiasa. Akishaambiwa atajua mambo mawili kwa mpigo, maisha ya Mkwawa na maisha ya mifupa ya Waafrika mikononi mwa Wazungu. Na hata kama siku moja itathibitika kwamba aliyelala pale ni mwingine, atakuwa bado ni mtu wa nchi hii aliyechukuliwa bila ridhaa na kurudishwa kati ya watu wanaomtunza. Sioni hasara kwa ukoo wowote katika hilo.

Jibu la swali la mtoto kuhusu mwili liko kwenye barabara ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Mlambalasi ni eneo la miamba mikubwa, na chini yake kaburi la Mtwa lina mnara wa kumbukumbu. Wageni wengi hutazama mnara, hupiga picha na kuondoka, na hivyo hukosa nusu ya mahali penyewe. Pango lililo jirani na kaburi limechimbwa na wanaakiolojia, wakakuta zana za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni na mifupa ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Mkwawa alikimbilia kwenye miamba ambayo wanadamu walikuwa wakijihifadhi chini yake tangu kabla ya jembe na chuma. Mwenye siku mbili Iringa nampendekezea aanze Lugalo, aingie Kalenga, kisha amalizie Mlambalasi, kwa mfuatano uleule wa maisha ya mwenyewe. Na akiwa mjini asiliache boma la zamani, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa na linaeleza maisha ya watu wa Iringa kwa upana, nje ya vita.

Kuhusu wale ambao mkataba haukuwataja, habari zimeanza kusogea. Taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali mjini Berlin ilirithi sehemu ya mkusanyiko wa Luschan, na ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na maeneo jirani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba zaidi ya 900 yanatoka Rwanda, 202 Tanzania na machache Kenya. Safari hii hawakutumia vyuma vya kupimia. Walitumia vinasaba, wakavilinganisha na mate ya jamaa walio hai Kilimanjaro, na mafuvu matatu yakapata ndugu zake Uchaggani. Familia ya Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, bado inalitafuta fuvu lake. Mjukuu wake alitoa mate akitumaini kwamba babu yake atapatikana.

Mwaka huohuo wa 2023, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, katika Makumbusho ya Maji Maji, akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliyatenda. Aliyasema hayo mahali ambapo mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 wanakumbukwa kila mwaka, mbele ya wazao wa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, ambao nao wanalitafuta fuvu la babu yao. Kuomba radhi ni jambo kubwa. Kazi iliyobaki baada yake ni ya mikono na makaratasi: kuyapitia madaftari ya meli na ya hospitali za kijeshi, kusoma lebo zilizofifia, kuzifuata familia vijijini na kuuliza nani hakuzikwa mzima. Wazee wenye kumbukumbu hizo wanapungua kila mwaka, na wanahistoria wetu, wa Dar es Salaam, Iringa, Songea na Moshi, wanapaswa kuwafikia kabla ya maabara za Berlin.